Majibu ya Mashine Nyingine

Zamani mtu aliyetaka programu yake ikubaliwe na mashine nne tofauti aliziendea zote nne kwa miguu yake, akakaa nazo, akajua ipi ina kiburi na ipi ina kwikwi. Siku hizi anaandika faili moja, anabonyeza, anakwenda kunywa chai, na chai haijapoa mashine zote zimeshakubali.

Mzee Nuktamkato alikuwa mtu wa zamani hiyo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Katika ofisi ya watengeneza programu alikofanya kazi walimwita Nuktamkato kwa sababu kila kijana aliyeajiriwa pale aliianza kazi kwa kusikia sauti nyuma ya bega lake: "Na nukta mkato umempa nani?" Katika C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ukiisahau alama hiyo mwisho wa mstari, kompyuta inakurushia makosa ukurasa mzima, na mengi hayahusiani kabisa na ulichokosea. Lugha hiyo alijifundisha mwenyewe. Wakati huo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, akaokota kitabu kisicho na jalada kwenye rundo la kuchomwa moto, akakisoma mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa. Hakuna chuo kilichompa cheti. Siku hizi vyeti vimekuwa vingi kiasi kwamba wenye navyo wameviachia vyeti vyenyewe kazi ya kufikiri.

Katika maisha yake aliandika programu moja tu ya kujivunia. Ilichukua kitabu cha kawaida na kukigeuza kuwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Aliiandika kwa ajili ya dada yake. Dada alikuwa mkubwa wake. Surua ilimpofusha akiwa mtoto, na tangu hapo mdogo wake akawa anamsomea kila kitu, kuanzia vitabu vya shule mpaka maneno kwenye makopo ya dawa. Alipokua akasema, inatosha, sasa utajisomea.

Dada alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha vitabu vya wasioona. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu ya saruji, na karatasi nene zimepangwa hadi kwenye madirisha. Katikati ilikaa mashine ya kugonga nukta, ikiendeshwa na kompyuta kuukuu ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Mashine na kompyuta yake waliziita kwa jina moja, Bibi Harusi, kwa sababu ukiiwasha ilichukua muda wake kujiandaa na hakuna aliyethubutu kuiharakisha. Karibu na mlango palikuwa na meza ya wasahihishaji. Hao walikuwa wawili, wote hawaoni: Dada, na mwenzake ambaye watu walimwita Mpinzani. Ukimwambia Mpinzani leo ni Jumatatu, atakuuliza nani kasema.

Sasa, programu ya C huandikwa kwa maneno ambayo binadamu anaweza kuyasoma, kisha hujengwa, yaani hugeuzwa kuwa lugha ya mashine itakayoitumia. Na mashine hazifanani. Moja huziandika namba zake kuanzia kichwani, nyingine kuanzia mkiani. Moja ina nafasi kubwa ya namba, nyingine ndogo. Programu ya Nuktamkato ilitumika kwenye aina nne za kompyuta, kwa hiyo alikuwa na faili nne za kujengea, kila moja kaiandika kwa mkono wake baada ya kwenda kuisaili mashine yenyewe. Faili ya Bibi Harusi ilikuwa ya kwanza na ndefu kuliko zote. Kila Alhamisi alipita kiwandani kuitazama mashine, akanywa chai na wale wanawake wawili, wakamtania, akanuna, akarudi zake.

Kisha akaenda kutolewa mtoto wa jicho.

Aliporudi kazini, jicho moja bado limefunikwa, alifungua kompyuta yake akatafuta faili zake nne. Hazikuwapo. Akafunga, akafungua tena. Akawa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango uko wazi. Mahali pa zile nne palikuwa na faili moja, fupi, yenye mistari ambayo ungeweza kuihesabu ukiwa unapiga mswaki.

Akainuka akaenda kwenye meza ya Mhandisi. Mhandisi alikuwa mkuu wa kitengo chao, msichana wa umri wa binti yake, mpole, mwenye kuandika haraka bila kutazama vidole.

"Faili zangu ziko wapi?"

"Shikamoo, Mzee. Macho yanaendeleaje?"

"Marahaba. Yanaona kwamba faili zangu hazipo."

Mhandisi akavuta kiti. "Kaa, baba yangu. Tumehamia mfumo mpya wa ujenzi. Tunaandika mara moja tu tunachotaka kujenga, halafu mfumo wenyewe unaiuliza kila mashine hali yake na kujiandikia maelekezo. Hatuhitaji faili nne tena."

"Mashine haiwezi kuiuliza mashine. Zitadanganyana."

"Tazama."

Akabonyeza. Mistari ikapanda kiooni mbio mbio, kisha ikatulia. Programu ilikuwa imejengwa. Akageukia kompyuta ya pili, ya aina nyingine, akabonyeza. Ikajengwa. Ya tatu vilevile. Nuktamkato alisimama kinywa wazi. Ndani ya faili zile nne mlikuwa na miaka yake, safari zake, homa alizofanya nazo kazi, na msichana huyu alikuwa amezifuta kama mtu anayefuta makombo mezani, na kila kitu kilikuwa kinakwenda sawasawa. Hilo ndilo lililomuuma. Kama kingeharibika angalau angepata la kusema.

"Na ya nne?" akauliza.

"Ya nne, ile ya kiwandani, tumeiacha, Mzee."

Akamwonyesha mstari. Mfumo uliandikiwa kwamba ukikuta mashine isiyo miongoni mwa zile tatu, usimame na kusema: Jukwaa hili halitumiki tena.

"Dada yangu yuko kwenye jukwaa hilo," alisema Nuktamkato.

Alijua maana ya mstari ule. Wachapishaji walikuwa wameacha kutuma vitabu kwa mtindo wa zamani, na toleo jipya la programu ndilo lililoweza kusoma mtindo mpya. Bibi Harusi akikosa toleo hilo, hatapata kitabu kipya hata kimoja. Kiwanda bila vitabu ni ghala la karatasi, na ghala la karatasi haliajiri wasahihishaji. Dada atarudi kukaa kitini nyumbani akisubiri mtu wa kumsomea.

"Toleo halijatoka bado," Mhandisi akasema baada ya kumtazama. "Ukiweza kuiingiza ile mashine kwenye mfumo mpya, nitaiacha ikae. Nakuahidi. Lakini Mzee, ulishawahi... Basi. Jaribu."

Akajaribu. Mtu aliyeapa kutogusa upuuzi wa vijana aliugusa, akaukalia kila siku, jicho lake jipya likimwagika machozi kwa mwanga wa kioo. Alitukana kimyakimya. Alikosea jina la folda akadhani mfumo umekufa. Alimwita Mhandisi kila mara, naye alikuja bila kuvuta pumzi kwa nguvu kama wengine wanavyofanya wakiitwa na wazee.

Na siku moja likamtokea jambo ambalo hakulitegemea. Aliuwasha mfumo akatulia kusoma mistari iliyokuwa ikipanda. Mfumo ulikuwa unaisaili kompyuta yake: Namba zako unazianzia wapi? Nafasi yako ina ukubwa gani? Hiki unacho? Na kile? Kila jibu ulikuwa unaliandika kwenye faili ndogo ndani ya folda ileile, ili mara nyingine usipoteze muda kuuliza tena. Yalikuwa maswali yake mwenyewe! Yaleyale aliyoyauliza ujanani akiwa amepiga magoti mbele ya Bibi Harusi. Alishtuka kujikuta anatabasamu.

Ilipofika Alhamisi alikuwa ameandika mistari ya kumwingiza Bibi Harusi, na mezani pake kila kitu kilikwenda. Akanakili folda nzima kwenye kifaa kidogo cha kubebea faili, akakiweka mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Leo kaka kaja na mwendo wa bwana harusi," Mpinzani alisema aliposikia viatu vyake mlangoni. "Mahari iko wapi?"

"Iko mfukoni. Nyamaza uone."

"Nione tena? Dada, mdogo wako kaanza matusi."

Dada alicheka. "Mwache. Keti, mdogo wangu. Jicho linasemaje?"

"Linasema hamjafagia."

Akamwasha Bibi Harusi, akasubiri ajiandae. Akaingiza folda, akaagiza programu ijengwe. Ilijengwa bila kulalamika hata neno moja. Hata maswali hayakupanda kiooni safari hii. Alijiambia mfumo umemheshimu bibi kizee. Akachukua kitabu cha mtindo mpya, hadithi ya watoto, akaagiza kurasa mbili. Mashine ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, mlio aliouzoea kuliko mlio wa mlango wa nyumbani kwake, na karatasi zikatoka.

Ya kwanza akampa Dada. Dada akapitisha vidole juu yake polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari hadi mstari, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imetoka safi," akasema.

"Safi wapi?" Mpinzani alikuwa ameshika ukurasa wa pili, na vidole vyake vilikuwa vimesimama pale pale mwanzoni. "Hii ni lugha ya nchi gani? Lete huo wako." Akaunyakua ukurasa wa Dada, akaupapasa. "Na huu vilevile! Kaka, umetuletea kitabu cha mashetani? Kila herufi mbili zimebadilishana viti. Ya nyuma imekaa mbele, ya mbele imekaa nyuma, ukurasa wote!"

Nuktamkato alidhani Dada alikuwa anamtania. Lakini hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Miaka yote hiyo Bibi Harusi hajawahi kutoa ukurasa mbovu kwa kosa la programu yake. Aliukodolea macho msimbo wake, yale maandishi ya programu. Ulikuwa sawa. Akausoma tena. Ulikuwa sawa! Mwisho akafanya ambalo asingelifanya mwaka mmoja kabla: akampigia simu Mhandisi.

"Herufi zinabadilishana mbili mbili," akamwambia. "Na mfumo wako haujasema kitu. Umejenga kimya kama mwizi."

"Mzee, ulinakili folda nzima?"

"Nzima. Mimi siachi kitu nyuma."

"Pamoja na ile faili ya majibu?"

Nuktamkato akaitazama folda kiooni; faili ilikuwamo.

"Mzee?"

"Niko hapa."

"Basi umekwenda na majibu ya kompyuta ya mezani kwako. Mfumo umeyakuta, ukajua umeshauliza. Bibi Harusi hajaulizwa chochote. Kajibiwa na mwingine."

Nuktamkato akakaa chini, juu ya rundo la karatasi. Kompyuta ya ofisini huziandika namba kuanzia mkiani. Bibi Harusi huanzia kichwani, ndiyo maana herufi zilibadilishana viti. Hilo alilijua kabla Mhandisi hajazaliwa. Alikuwa ameitukana mifumo ya vijana kwamba haiendi kuitazama mashine usoni, na yeye ndiye aliyempita bibi kizee pale mlangoni bila hata kumwuliza hali.

"Usijali, baba," Mhandisi alisema simuni. "Hata mimi lilinipata. Nililia chooni. Ifute hiyo faili, uanze upya."

Akaifuta. Safari hii mfumo uliuliza, na Bibi Harusi akajibu taratibu, swali kwa swali, kwa lafudhi yake. Ta-ta-ta-ta. Nuktamkato akampa Mpinzani ukurasa kwanza. Mpinzani akausoma kwa sauti, hadithi ya sungura aliyekataa kuoga, mpaka chini, akatafuta kosa, akalikosa, akakasirika.

"Haya," akasema. "Ni kizuri."

Nuktamkato akapiga makofi kama mtoto. "Imekwisha! Dada, kiti chako kimepona. Vitabu vipya vyote vitasomeka. Hakuna wa kumwondoa Bibi Harusi hapa, Mhandisi kaniahidi kwa mdomo wake."

Alingoja wacheke. Hawakucheka. Mpinzani aliiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja ingawa ilikuwa imenyooka.

"Mwambie," alisema.

"Ah, si leo," Dada akasema.

"Mwambie, au nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema vizuri."

"Aniambie nini?" akauliza Nuktamkato.

Dada akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti yake. "Mdogo wangu, ile mashine kuachwa... tuliomba sisi."

Hakuelewa. Maneno aliyasikia moja moja, lakini yalikataa kushikana. "Mliomba nini?"

"Tulimwomba Mhandisi aiache. Tulimwambia asihangaike nayo. Na asikwambie, mpaka tukwambie wenyewe."

"Kwa nini?"

Dada akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama anayesubiri kumwagiwa maji. "Vimekufa ganzi. Sukari imevila. Kidole cha shahada kilitangulia, vingine vikafuata. Sisomi, mdogo wangu. Nimeacha kusoma siku nyingi. Mwenzangu anasoma kwa niaba yetu wote wawili, mimi napapasa tu, nasema safi."

Nuktamkato aliitazama mikono ile. Alikuwa ameiona kila Alhamisi. Alikuwa amekaa meza moja nayo, akipokea kikombe cha chai kutoka mikononi mwake, akiviona vile vidole vikipita juu ya karatasi na kichwa kikitikisika, na hakuna siku aliyowaza kwamba anatazama maigizo.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambiaje? Uliacha kazi ya ofisi ya ardhi ukajifunza lugha ya mashine kwa ajili ya vidole hivi. Nikwambie nimevipoteza?"

"Na kiti chako? Utakula wapi? Utasoma nini?"

"Anasoma kuliko wewe," Mpinzani akaingilia. "Simu inamsomea. Vitabu vinakuja siku ileile, havina uzito, na hakuna kupanda ngazi na sanduku. Mimi mwenyewe nasikiliza. Usinitazame hivyo."

"Umejuaje nakutazama?"

"Nani kasema sijui?"

Dada alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nilichoogopa ni kimoja tu," alisema. "Kila Alhamisi ulikuwa unakuja kuitazama mashine. Nikawaza, ikiondoka, huyu atakuja kumtazama nani?"

Hapo palikuwa pahali pa mdogo mtu kusema neno. Lilikuwa neno jepesi, la watu wawili waliolala mkeka mmoja utotoni. Nuktamkato hakulisema. Alichomoa kifaa chake, akakitia mfukoni, akafunga kifungo, akatoka akiiacha mashine inawaka.

Ofisini alimkuta Mhandisi akikusanya vitu vyake kwenda nyumbani. "Ulijua?"

"Nilijua wameomba, Mzee. Sababu hawakunipa."

"Ukaniacha nihangaike na macho haya."

"Nilidhani utakwenda kwanza kuwauliza kama wanaitaka." Alisema kwa upole, na kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kulikwepa. "Sasa nifanyeje? Niiache ikae, kama nilivyoahidi?"

Nuktamkato alikaa, akafungua faili ile fupi, akatafuta mistari yake. Ilikuwa mizuri. Ilikuwa mistari ya kwanza aliyoiandika kwa ufundi mpya, na Mhandisi hakuwa ameirekebisha hata kidogo. Akaifuta mmoja mmoja, kutoka chini kwenda juu, akahifadhi, akatoka bila kuaga.

Sisi wazee tunaambiwa tumeachwa nyuma na mashine. Ni uongo wa kutubembeleza. Zamani mtu akikosa kitu ulikiona usoni kwake, kwa sababu mlisomeana, mlipokezana ukurasa na kikombe, na mkono ukitetemeka kikombe kilisema. Nami nasema hivyo, kisha namkumbuka mtu aliyekaa meza moja na mikono iliyokufa ganzi miaka na miaka asiione, na maneno yananiishia.

Alikaa Alhamisi kadhaa bila kwenda. Kisha akasikia kwamba binti wa Dada anakuja kumchukua akaishi naye mji mwingine, mbali, na Mpinzani naye anarudi kwa ndugu zake, kwa kuwa kiwanda kinafungwa. Akavaa shati safi akaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi Harusi alishaondolewa. Palibaki mstatili mweupe sakafuni mahali ambapo saruji haikuwahi kuona mwanga. Wale wawili walikuwa wamevuta viti vyao mpaka dirishani, simu iko katikati, kila mmoja katia sikioni kipande kimoja cha visikilizio. Kisha waya ukachomoka kwenye simu, na sauti ikatoka nje, ikajaa chumba.

Nuktamkato aliganda pale mlangoni. Ilikuwa inasoma kitabu, lakini kwa kasi ambayo hajapata kuisikia kwa kiumbe chochote, maneno yameshonana kama mvua juu ya mabati. Alitega sikio lake lote. Hakuambulia hata neno moja. Mbele yake Dada alikuwa ameinamisha kichwa, anaifuata bila shida, midomo ikicheza. Na ghafla, mahali ambapo yeye alisikia kelele tu, wote wawili waliangua kicheko kwa pamoja, Mpinzani akajipiga paja.

"Nani kasema!" aliiambia ile simu. "Mwongo mkubwa wewe!"

Dada alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. Simu ikaendelea kumwaga maneno, nao wakainamiana tena. Nuktamkato alisimama pale na viatu vyake mkononi, maana alikuwa amevivua asiwashtue, akiwatazama.

Hakupiga hodi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.